Kura ya Pili

Jumatatu, 9 Februari

Siku ya saba bila mke. Chai nimechemsha mwenyewe, imetoka kama maji ya kuoshea vyombo. Ndala zake bado ziko chini ya kitanda, zimeelekea mlangoni. Sijazigusa.

Lakini leo nimegundua siri! Gazetini, ukurasa wa nyota. Limeandika waziwazi kwamba watu wa nyota ya Ndoo wamezaliwa kutawala, na kwamba nusu ya wakubwa wa dunia ni Ndoo. Mnajimu mwenyewe ana ndevu za kuaminika. Kumbe ndiyo maana mwaka juzi nilianguka uchaguzi wa mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi! Kura mbili kati ya arobaini na moja. Moja yangu. Ya pili sijui ya nani hadi leo. Mungu ambariki popote alipo.

Alinishinda Msoma Mita, bwana wa kuchekacheka na kila mtu. Nimefungua faili lake, maana mimi ndiye karani wa masjala hapa idara ya maji na mafaili yote yako chini yangu. Amezaliwa 25 Januari. Ndoo! Si nilisema? Na mimi wa Februari ni Ndoo vilevile, ila safari hii najijua.

Uchaguzi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nikishinda, mke atarudi. Mwanamke gani atalala kwa dada yake wakati mumewe anakalia kiti cha kuzunguka?

Jumanne, 10 Februari

Pigo. Ndoo inaishia tarehe 18 Februari. Mimi ni wa tarehe 19. Samaki! Gazeti linasema Samaki ni mpole na anafaa kazi za kutunza vitu. Kutunza vitu! Siku moja tu imeninyima utawala. Lazima ni kosa la karani wa hospitali. Sisi makarani najua tulivyo.

Jumatano, 11 Februari

Nimekwenda kwa mama. Nimemkuta anachambua mchele. Nikamwomba akumbuke vizuri, labda ilikuwa jioni ya tarehe 18? Akasema nilitoka saa mbili asubuhi ya tarehe 19, miguu ikitangulia, na tangu siku hiyo sijawahi kuingia mahali kama watu wengine. Nikamsihi basi aende akaape tu kwa hakimu. Akasema uchungu aliupata yeye, si gazeti.

Kisha akauliza mkwewe yuko wapi. Nikasema amekwenda kumsalimia dada yake. Akahesabu kwa vidole. Salamu za siku tisa, mwanangu, akasema, hizo si salamu, huko ni kuhama. Nikaaga.

Ijumaa, 13 Februari

Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Kama mimi si Ndoo, basi nitagombea na makamu aliye Ndoo. Nimepekua mafaili yote arobaini na moja. Ndoo ni wawili tu. Mmoja Msoma Mita. Mwingine mke wangu!

Yeye ni opereta wa simu, dawati la malalamiko. Watu ambao mabomba yao yamekauka mwezi mzima hupiga wakitukana na kukata wakishukuru. Na faili lake linasema 2 Februari.

Nikakaa nalo mapajani. Tarehe mbili ndiyo siku aliyoondoka. Alikuwa amepika, amevaa gauni la bluu, meza ameiandaa vizuri. Mimi nilichelewa, nilikuwa naomba kura karakana. Nilipoingia chakula kimepoa. Akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumatatu. Akachukua mkoba wake.

Sasa nimeelewa kila kitu. Ni nyota yake ndiyo iliyomsukuma. Maskini, hakuwa na hiari.

Jumapili, 15 Februari

Nimempelekea fomu ya kugombea huko kwa dada yake, maana kazini alishasema tuzungumze ya kazi tu. Shemeji akafungua mlango nusu, akaniambia karibu mgeni. Mgeni!

Mke akatoka. Amependeza. Inaniuma jinsi alivyopendeza bila mimi. Njiani nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba nyumba imekuwa kubwa, kwamba usiku naweka mkono upande wake na kukuta shuka baridi. Nikamwambia habari za Ndoo.

Shemeji akadakia, eti kwanza nimuulize mwenzangu kwa nini aliondoka. Nikamjibu hilo nimeshalijua, ni mambo ya nyota. Shemeji akashika kichwa.

Mke akaisoma fomu mbele na nyuma. Akaniuliza kama mimi nimeisoma. Nikamwambia miaka ishirini nalala na kuamka na makaratasi. Akatia saini, midomo ikimcheza, karibu acheke. Jamani, nilivyoikosa ile karibu-acheke yake!

Nilipofika barabarani nikarudi hatua tatu. Kisha nikakumbuka sijatafuta wadhamini.

Jumatatu, 16 Februari

Kila fomu inataka wadhamini watano. Yangu imenichukua kutwa, na wa tano amesaini ili niondoke mlangoni apite. Ya mke, dakika kumi! Fundi bomba amesaini na koleo mkononi. Dereva ameomba asaini mara mbili. Ndoo inafanya kazi! Zote mbili nimezikabidhi kwa katibu.

Jumatano, 18 Februari

Katibu ameniita. Kumbe makamu hachaguliwi, anateuliwa. Kumbe fomu ni za aina moja tu, za mwenyekiti. Nimemsimamisha mke wangu mwenyewe agombee dhidi yangu!

Nikaomba kuifuta. Katibu akasema mwenye kujitoa ni mgombea mwenyewe. Nikapiga simu dawati la malalamiko. Mke akanisikiliza mwanzo hadi mwisho, kwa ile sauti yake ya upole. Akasema lalamiko langu limepokelewa.

Nikabaki nimeshika simu iliyokatwa. Ningepiga tena, ila sikuwa na lalamiko jingine.

Alhamisi, 19 Februari

Leo nimetimiza miaka arobaini na nane. Nilidhani hakuna anayejua. Lakini nimekuta kalamu mpya mezani kwangu, imefungwa kwa utepe wa bluu, bila jina!

Nimejua papo hapo. Ni yule wa kura ya pili! Yuko humuhumu ofisini, ananitazama, ananiamini. Nusura nitokwe na machozi. Na akiwa mmoja amejitokeza, wapo wengine wamejificha. Nitashinda.

Ijumaa, 20 Februari

Mke wangu, kura ishirini na saba. Msoma Mita, kumi na tatu. Mimi, moja.

Moja! Nilimwomba katibu ahesabu upya. Akaishika ile moja, akaihesabu.

Wamempigia mke makofi hadi madirisha yakatetemeka. Nikajipenyeza kumpa mkono. Nikamwambia Ndoo ni Ndoo. Akasema safari hii kura yake amejipa mwenyewe. Nikasema ni haki yake. Akaendelea kunishika mkono, akauliza kama kuna kitu chochote nataka kumuuliza.

Kilikuwepo. Nikamuuliza kama ana fununu yoyote ni nani aliyenipigia kura mwaka juzi, na kwa nini safari hii ameniacha.

Macho yalimlengalenga, nadhani ni furaha ya ushindi. Akasema nikae nifikirie, iko siku nitamjua. Akaachia mkono wangu.

Jumamosi, 21 Februari

Asubuhi ndala nimezifuta vumbi, nikazirudisha vilevile.

Nimekuja masjala peke yangu. Lazima nimpate huyu mtu. Nikimpata nitamwomba radhi kwa lolote nililomkosea, nitampigia magoti ikibidi, maana si rahisi mtu kuaminiwa hivyo duniani. Nimetoa mafaili yote, nimeyapanga sakafuni, nitachunguza moja baada ya jingine hadi kieleweke.

La mke wangu nimelirudisha kabatini. Huyo namjua.