Sikio Langu Kwenye Waya wa Mzee Mwinyijuma

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimepata! Asheri, kachero wa polisi, kanivuta nyuma ya ofisi yetu ya simu na kunipa kazi ya siri. Nisikilize kila simu ya Mzee Mwinyijuma, mfanyabiashara wa mbata za nazi wa Chumbageni, nimpashe mambo ya chama cha wadai uhuru. Nikifanikiwa, atanisemea kwa wakubwa nipewe usimamizi. Bahati gani hii! Mzee huyohuyo ndiye baba yake Mwatumu. Posa yangu kaikalia tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi, akidai hamwozi binti yake mtu wa kuchomeka nyaya kutwa. Sasa nitapanda cheo kwa maneno yake mwenyewe, kisha nimwoe mwanawe kabla ya Ramadhani. Kichwa changu hiki, basi tu.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Kutwa nimesikiliza mbata, magunia, na mguu wa mkewe unaomsumbua. Nimeyapeleka yote. Asheri kasema serikali haina haja na mguu wa mtu. Uweso, tunayekaa naye kwenye ubao wa kuunganishia simu, kaniuliza mbona nimejikunja hivyo. Nikamwambia jino. Kaniletea karafuu, mnafiki mkubwa, ikanibidi nizitafune mpaka jioni.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwisha. Mzee alikuwa akizungumza na Mwalimu Hatibu wa Pangani. Wakafika kwenye habari ya mkutano wa siri. Kalamu mkononi, pumzi nimezibana. Mzee akakohoa, kile kikohozi chake cha kuingilia barazani. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Shikamoo, baba!"

Mzee akaitikia marahaba, akauliza kama mama hajambo. Nikajibu hajambo. Na Mwalimu Hatibu naye yupo, mtu mzima, nimwache? Nikamwamkia pia. Akanipa pole ya kazi. Wakaagana, wakakata simu. Nimelelewa vizuri mno, ndiyo maradhi yangu.

Jumamosi, 9 Machi
Siamini! Wamesahau! Leo Mzee kataja yote waziwazi, tena polepole, kama anayemsomesha mtoto: mkutano kesho alasiri, Maramba, kwenye shamba la mihogo. Mwisho kasema nimsalimie mama. Mapenzi ya mkwe hayo. Nimemkimbilia Asheri mpaka kiatu kikanivuka.

Jumatatu, 11 Machi
Jana Asheri alikwenda Maramba na bwana wake Mzungu na lori la askari. Mvua. Lori likazama topeni. Shambani waliwakuta vikongwe wawili wakichimba mihogo, nao wakawatwisha askari mizigo yao. Watu wa chama walikutana hapahapa Chumbageni, nyumba ya tatu kutoka kwa Asheri, na pilau wakala. Asheri kaniuliza mimi ni wa upande gani. Nikasema upande wa Mwatumu. Hilo halikumfurahisha. Wakubwa wameniondoa kwenye ubao. Sasa nawabebea mafundi ngazi, na Uweso ndiye msimamizi.

Jumatano, 13 Machi
Mzee kaniita. Nikaenda. Kanikaribisha kahawa! Kasema polisi hawajawahi kupotezwa kwa adabu kiasi kile, na yeye hana kinyongo. Mwenye kinyongo ni Mwatumu. Kutoka nyuma ya pazia kanitumia neno kwamba mchomeka nyaya angemvumilia, lakini aliyetaka kumuuza baba yake hataki hata kumwona. Na Uweso keshapeleka posa. Nimelia njia nzima, watu wakinipa pole ya msiba. Nikaitikia, maana ni msiba kweli.

Alhamisi, 14 Machi
Bado nimo duniani! Fundi alipokwenda kula, nilipanda nguzo iliyo mbele ya nyumba ya Mzee na ile simu ya fundi ya kupimia nyaya, nikaiunga kwenye waya. Nikamsikia Mwatumu akizungumza na shangazi yake wa Pangani. Analia. Kasema bado ananipenda, na anachongoja ni mimi kwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, nimwombe radhi baba yake. Mwisho ni kesho baada ya sala ya Ijumaa. Nisipotokea, anamkubali Uweso.

Habari kubwa hii! Na hakuna aliyeniona. Kesho nikitoka msikitini nitawahi kupanda nguzo, nisikie atamwambia nini shangazi.