Likoni Hadi Wundanyi Bila Feri

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya mamangu mzazi, nikiwa na helmeti mpya kichwani. Nasimulia mwenyewe kabla Katana hajawasimulia, maana yeye atatia chumvi (na pilipili, na ndimu).

Mnaonijua mnajua mie ni mpishi wa mikate katika hoteli moja huko Shanzu. Kila alfajiri natoka kwetu Bofu na pikipiki yangu, navuka feri, nakwenda kazini. Miaka na miaka. Mnajua pia kwamba sina tabia ya kujisifu. (Haya, wacheni kukohoa.)

Basi muda wote huu nilikuwa napanga safari ya pikipiki mpaka Wundanyi, milimani Taita. Si ya kufuata barabara kuu na malori yake, la! Ile kila mtu anaiweza. Mie nilitaka njia za ndani, zisizovuka maji. Tufike Kombani, tupande Kwale, tuingie Kinango, tutokee Samburu, tuiguse barabara kuu kidogo tu mpaka Voi, kisha Mwatate, kisha zile kona za kupandia Wundanyi ambazo ukizitazama kwenye picha tu, unatafuta breki. Likizo zangu zote nimezimalizia huko nikitafuta njia. Najua lami inakatika wapi. Najua Kinango ni nani anayepika chai nzito. Ramani nimeichora kwa mkono wangu, nyuma ya boksi la unga wa ngano, na sasa imebandikwa sebuleni kwa Mama juu ya televisheni.

Ramani ile inaanzia Kombani. Kutoka Bofu mpaka Kombani sikuchora. Kwani nani asiyejua kutoka kwao? (Likumbukeni hili.)

Tulikuwa pikipiki tano. Mimi mbele. Riziki, binti wa mamangu mdogo. Ndugu wawili wa Mtongwe, wapole, ambao mazungumzo yao yote ni kutikisa kichwa. Na Katana, fundi wa stima, ambaye alitaka twende kwa barabara kuu tangu siku ya kwanza.

"Mishi, mie napenda lami," alikuwa akiniambia. "Lami haijamkosea mtu."

Tukapiga kura, nikamshinda. Katana si mtu wa kinyongo, akakubali, ila aliweka neno lake. "Uongozi chukua. Lakini siku utakayotupoteza njia, hata mara moja, uongozi nauchukua mimi na tunarudi kwenye lami yangu."

"Nikipotea, chukua!" nikamjibu. (Mdomo huu, jamani. Mdomo huu.)

Na kwa kuwa nilishakuwa mkuu, nikatoa amri. Nikiwa mbele hakuna kuulizana maswali barabarani. Nikikata kona, nanyi mnakata. Maswali ni tukisimama. Msafara si baraza la kahawa! Kisha nikachapisha fulana za manjano, mgongoni na kifuani zimeandikwa kwa herufi zinazoonekana toka mbali: LIKONI HADI WUNDANYI BILA FERI. Maneno yale niliyatunga mimi.

Sasa niwaambie habari ya Mama, ndipo mjue uchungu wangu. Mama hakuitaka pikipiki hii hata siku moja. "Mwanamke na pikipiki! Utaolewa na nani, na fundi wa pancha?" Niliponunua, hakunisemesha mpaka chakula cha usiku. Kila nikitoka alikuwa akitazama pembeni. Leo asubuhi nikadhani nitaondoka vivyo hivyo, nimeagwa na mgongo wake.

Wallahi, Mama alitoka nje mwenyewe! Kavaa leso mpya, kashika msahafu kwa mikono miwili. Majirani wamejaa barazani, udi unafuka. Akasimama mlangoni akauinua msahafu juu, tukapita chini yake mmoja mmoja. Hata Katana, ambaye ni mwanakwaya kanisani, aliinamisha kichwa akapita. "Baraka ni baraka," alisema.

Kisha Mama akawageukia majirani. "Huyu binti yangu ndiye kiongozi. Wanaume wako nyuma yake. Njia zote anazijua yeye."

Nililia ndani ya helmeti. Nilikuwa sijawahi kumsikia Mama akinisifu mbele ya watu, na pale alinisifu mbele ya Bi Saumu wa nyumba ya pili, ambaye habari ikimfikia yeye imeshafika Mtongwe. Mama akanishika bega. "Nenda, mwanangu. Ila ukishaagwa usigeuke nyuma. Kurudi ni kisirani."

"Abee, Mama."

Nikawasha. Njia ya Kombani inapita hapo hapo mbele ya baraza letu. Upande mmoja ni Kombani, upande wa pili ni feri. Nikapiga honi, nikakata kona kwa madaha, wenzangu wakakata nyuma yangu. Baraza zima likapunga mikono. Mama alipunga mpaka leso ikamdondoka.

Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Akili yangu ilikuwa imeshafika Kinango. Nikiwaza pale lami inapokatika niwapungie mkono wapunguze mwendo. Nikiwaza chai nzito. Mikono na miguu nikaiachia pikipiki ifanye kazi yake. Nikashika foleni. Nikalipa. Nikateremka ule mteremko polepole, nikajipanga pale pangu pa siku zote, nikazima injini, nikavuta pumzi.

Bahari ilikuwa tulivu. Nikasema moyoni, mashallah, safari imeanza vizuri.

Kuna askari mmoja pale kivukoni tunayeamkuana kila alfajiri. Akaja anacheka. "Mishi! Si uliniambia una likizo? Umeshindwa kukaa nyumbani?"

"Kazini siendi," nikamwambia, kifua mbele. "Leo naongoza msafara wa Wundanyi. Wenzangu wale pale nyuma."

Akanitazama. Akaitazama fulana yangu. Akaisoma polepole, kwa sauti, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayejifunza herufi. "Likoni... hadi Wundanyi... bila... feri." Akaangalia chini kwenye vyuma tulivyokanyaga. Akaangalia maji. Akaniangalia mimi.

"Na hii tuliyosimama, Mishi, ni nini?"

Lailahaillallah! Nikageuka. Fulana nne za manjano, zimejipanga safi nyuma yangu. Na kisiwa hicho kinakuja. Huwezi kuiambia feri isimame ushuke.

"Mbona hamkuniambia?" nikawafokea. (Ndiyo, niliwafokea wao.)

"Ulisema tusiulize," Riziki akajibu.

Ndugu wa Mtongwe wakatikisa vichwa. Ni kweli, nilisema.

"Lakini hukuona kwamba tunaelekea feri?"

Riziki akafikiri. "Niliona. Lakini si tunasafiri? Mtu akisafiri si lazima avuke?"

Hapo ndipo nilipoelewa msiba wetu. Tumezaliwa Likoni sote. Tangu tuko tumboni, kwenda hospitali ni kuvuka, kwenda kununua nguo za Idi ni kuvuka, kwenda kazini ni kuvuka. Baraza zima lilituona tunakata kona upande wa feri na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Mama mwenyewe alitupungia huko huko!

Kufika hapo feri nzima ilishazisoma fulana. Watu wanaonyeshana kwa vidole. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akanihurumia. "Mwanangu, usijali. Ukiteremka ng'ambo uliza Bila Feri ni wapi, watakupeleka." Wakacheka mpaka waliokuwa ndani ya magari wakafungua vioo.

Tukateremka ng'ambo, tukasimama pembeni. Katana akavua helmeti taratibu. Nampenda Katana kama ndugu, lakini uso wake ulikuwa na Idi na Krismasi kwa pamoja.

"Mishi, mpendwa," akasema. "Safari haijafika Kombani, umeshatupoteza."

Nikajifanya nakaza kamba ya mzigo.

"Lakini mie si mtu mbaya. Chagua mwenyewe. Tumeshavuka, basi tupite Changamwe tufuate barabara kuu yangu mpaka Voi. Mie mbele. Bofu hawatajua kitu, na mimi naapa sitasema. Au ubaki na uongozi wako na njia zako, lakini tuanze upya pale pale tulipoanzia. Mbele ya baraza. Mbele ya Mama."

Jamani, pimeni wenyewe. Nikifuata barabara kuu, aibu imezikwa baharini. Mama atabaki na sifa zake, na Bi Saumu atakosa la kusema. Lakini ile ramani? Zile likizo zangu? Zile kona za Kwale nilizozipita peke yangu na mvua, nikijiambia iko siku nitawaleta wenzangu waone? Na nikirudi, Mama ataniona nageuka nyuma, huku udi haujazimika. Kesho hatanitazama tena nikitoka.

Machozi yalinilenga. Nikavaa helmeti yasionekane.

"Tunarudi," nikasema. "Njia yangu ni nzuri kuliko yako, Katana. Aibu nitaibeba."

Katana akakuna kidevu. Nadhani hakutarajia. Tukashika foleni tena. (Nililipa tena. Na yule askari akapiga saluti. Saluti!)

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naomba baraza liwe tupu. Wapi! Watu walikuwa wameongezeka. Chai ilikuwa imeshatoka na mahamri, na Mama kakaa katikati anasimulia kwa mikono. Nikamsikia kabla sijazima injini. "Saa hizi mwanangu yuko milimani huko, kwenye baridi..."

Akaniona.

Kikombe cha Bi Saumu kikabaki njiani, hakijafika mdomoni hakijarudi mezani.

"Mishi," Mama akasema. "Umesahau nini?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema koti, ningesema maji ya kunywa. Lakini mgongoni nina fulana, na nyuma yangu nina Katana.

"Nimesahau kuwa leo siendi kazini, Mama. Nimewavusha feri."

Bi Saumu alianza kucheka kwa pua, kisha kwa tumbo, kisha chai ikamwagika. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani! Kiongozi huyo! Njia zote anazijua!" Baraza lote likaanguka. Mie natazama tairi la mbele, nataka linimeze.

Mama akainuka. Polepole, akakaza leso yake. Akaingia ndani. Nikajua basi, nimempoteza.

Akatoka na msahafu.

"Saumu," akasema, na sauti ile wote tunaijua, hata kuku waliondoka. "Wanao wakisafiri wanakuaga mara ngapi?"

"Mara... mara moja."

"Wangu amerudi kuniaga mara ya pili. Na angetaka angepita kimya huko huko, nisingejua maisha yangu yote. Amekuja kuniambia mwenyewe. Haya, wewe una wa hivyo?"

Bi Saumu alifuta chai kifuani. Mama akauinua msahafu juu kabisa, tukapita tena mmoja mmoja. Katana aliinama zaidi ya mara ya kwanza. Alipotokea upande wa pili akarudisha pikipiki yake nyuma ya yangu bila kuambiwa.

Kisha Mama akashuka mpaka barabarani kwa miguu yake, akasimama upande wa feri, akanyoosha mikono yote miwili kuziba njia. "Huku hapana," akasema. "Kule!"

Tukaenda kule.

Na sasa naandika nikiwa Wundanyi, nimejifunika mablanketi mawili. Tulipita Kwale, tukanywa chai nzito Kinango, tukala vumbi tukashiba. Kona za mwisho tulizipanda jua likiwa linashuka, na Katana alipiga kelele za furaha kila kona. Tulipofika aliniambia, "Lami yangu haina mambo kama haya." Nimemwambia arudie, Riziki amerekodi.

Mnaotaka kucheka chekeni, ila fulana zimebaki mbili na anayecheka hapewi.

Mama amepiga simu sasa hivi. Hata salamu hajaitoa, kauliza kwanza: "Mishi, hapo ulipo, mbele yako kuna maji?"

"Hakuna, Mama. Ni milima tu."

Nikamsikia anawaambia wa barazani, kwa sauti ya kufika mpaka nyumba ya pili: "Amefika!"