Nimeuokoa Mtumbwi wa Baba Mkwe

Leo nimeaibika, tena ukweni. Nawaambia mwenyewe kabla Neema hajaisambaza habari hii.

Asubuhi nimepanda bodaboda kutoka Chitete hadi Ziwa Rukwa, kwa kina Neema, mchumba wangu. Baba yake anaunda mitumbwi ya mbao, na leo ndiyo alikuwa anipe jibu la posa. Mimi ni fundi makochi pale Mpemba. Mbao nazijua. (Nilidhani.)

Nafika, mzee hayupo. Kaenda kumwita mchungaji, maana mtumbwi mpya unashushwa ziwani kesho kwa maombi na nyimbo. Neema yuko jikoni. Nikasema ngoja nikakione hicho chombo.

Mungu wangu! Mtumbwi umezama! Upo pale pale kandokando, maji hadi ukingoni, ndani umejaa mawe makubwa. Nani kaweka mawe? Wenye wivu, si wengine! Na hatua chache tu kuna wanawake wanaanika samaki, wanapiga soga, hawana habari. Nikawadharau papo hapo. Watu wazima, mali ya jirani inazama, nyie mnageuza samaki!

"Kaka, muulize mzee kwanza," mmoja akasema.

"Mama, mkisubiri kuuliza, mtaokota kuni hapa!"

Nikaingia na viatu vyangu vya posa. Mawe nikayarusha kilindini, moja baada ya jingine, kwa hasira. Dereva wa bodaboda akaja kunisaidia (naye ziwa halijui, ila ana moyo). Tukachota maji kwa ndoo, tukauvuta mtumbwi juu ya magogo hadi kwenye jua kali. Wanawake wakaziba midomo kwa vitenge. Nikajua wameguswa.

Mara mzee huyo, na mchungaji. Nikasimama wima, matope hadi kiunoni, nasubiri pongezi.

"Shikamoo baba. Nimeuokoa."

"Umeuokoa na nini?"

"Ulikuwa umezama."

"Nimeuzamisha mimi! Tangu juzi! Mbao mpya zinaachwa zinywe maji, zivimbe, zizibe nyufa zote. Wewe umezianika kama kahawa ya kwenu Hasamba!"

Mchungaji akajifanya anakohoa. Neema, aliyekuja mbio na mwiko mkononi, hakujifanya chochote: alicheka mpaka akakaa chini. Nilitamani ardhi inimeze. Fundi gani mimi? Mbao sizijui hata kidogo, huwa nazifunika tu kwa sponji na kitambaa, mteja anakalia ujinga wangu bila kujua.

"Niurudishe majini, baba?"

"Urudishe. Mawe yako wapi?"

Nikaonyesha kilindini. Ufukwe wote huu ni tope tupu. Yale mawe aliyaleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, kutoka mbali.

Mzee akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, taratibu, kama mtu anayenunua dume mnadani.

"Una kilo ngapi?"

Basi naandika haya nikiwa nimekaa ndani ya mtumbwi, maji kifuani, simu nimeinyanyua juu. Dereva wa bodaboda alipoona mzee anamtazama na yeye, akawasha pikipiki akatoweka. Msaliti! Posa nimeambiwa itajadiliwa mbao zikishavimba.

Wa kucheka acheke. Ila mwenye mawe, tafadhali, alete.