Kura Iliyoliwa Kitivo cha Kilimo

Kitivo cha Kilimo,
Chuo Kikuu cha Isiukhu,
Kakamega.
6 Machi 1989

Kwa Mheshimiwa Naibu Chansela,

MINTARAFU: MALALAMIKO KUHUSU UCHAGUZI WA MKUU WA KITIVO, ULIOLIWA IJUMAA ILIYOPITA

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtumishi wako ambaye, hadi Ijumaa mchana, alikuwa Kaimu Mkuu wa Kitivo cha Kilimo kwa mwaka wa sita mfululizo. Natumai u mzima, na miwa yako kule Matungu imechipua vizuri baada ya mvua za juzi. Yangu imechipua. Ni roho tu ndiyo iliyonyauka.

Mheshimiwa, mimi si mtu wa malalamiko. Dari ya maabara ilipoanguka, nilinyamaza. Choo cha wahadhiri kilipogeuzwa stoo ya mbolea, nilinyamaza pia, kwa kuwa mbolea yenyewe ilikuwa yangu. Lakini hili la Ijumaa limenizidi kimo. Niliumia, na neno hilo naliandika bila kulipamba.

Kwanza nikukumbushe utaratibu. Katiba ya chuo inasema Mkuu wa Kitivo atachaguliwa na Baraza la Kitivo, mradi akidi imetimia, yaani theluthi mbili ya wahadhiri wawepo. Sasa tangu miwa ianze kulipa, theluthi mbili ya wahadhiri wetu hawajawahi kuonekana mahali pamoja, isipokuwa kwenye mizani ya kiwanda. Mmoja anasubiri trekta, mwingine anagombana na wakataji, mwingine amesinzia kwa kuwa amekesha akilinda shamba lisichomwe moto. Hivyo kila mwaka uchaguzi huahirishwa, na kila unapoahirishwa Kaimu huendelea kukaimu. Utaratibu huo sikuutunga mimi. Niliukuta, nikaupenda.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu herufi moja. Msajili, Bw. Kibiwott, aliagiza tangazo la uchaguzi lipigwe chapa. Nilimsomea karani wetu Priscah kwa sauti yangu mwenyewe, polepole, kila neno. Priscah alipiga chapa kama alivyosikia, na asubuhi ubaoni kukasomeka hivi: "Wajumbe wote wanaombwa kufika ukumbini Ijumaa saa sita kamili kwa kula. Kila mjumbe ana haki ya kula moja. Hakuna kula kwa niaba ya mwingine."

Unazijua ndimi za huku kwetu, Mheshimiwa. R na l huazimana nguo kama mapacha. Ningetegemea kwamba msomi mwenye shahada tatu akiona "kula moja" angejiuliza maswali. Hakuna aliyejiuliza. Nimeambiwa kwamba sentensi ya tatu ndiyo iliyowaaminisha kabisa, maana karamu yetu gani haina mtu wa kumfungia mwenzake nyama kwenye gazeti? Wakaona hii ni shughuli iliyopangwa na watu makini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimebandikwa ubaoni, tena kwa gundi ya ofisi yangu.

2. Kuhusu mahudhurio ya kupita kiasi. Walikuja wote. Waliokuwa likizo walikuja. Walioazimwa na chuo cha Bukura walikuja kwa gari la chuo cha Bukura. Alikuja mhadhiri mmoja ambaye nilikuwa nimemfuta kwenye orodha kwa imani kwamba alikwisha kufariki, akanisalimu kwa furaha na kuniuliza habari za nyumbani. Dkt. Osundwa wa idara ya mifugo, ambaye darasani kwake wanafunzi wanamjua kwa jina tu, alifika amevaa tai, akanishika mkono na kuniambia, "Andati ndugu yangu, kwani siku zote hizi ulikuwa unatuitanga kwa mikutano bila kusema kuna kitu?"

Akidi ikatimia, ikafurika. Lakini nauliza: akidi inayoletwa na tumbo ni akidi? Ikiwa ni akidi, basi Baraza lenye mamlaka makubwa kuliko yote hapa Kakamega ni matanga.

3. Kuhusu kuku. Mpishi mkuu naye anajua kusoma. Alipoona tangazo lina saini ya ofisi, na bajeti ya nyama hana, alielekea kwenye kibanda cha idara ya mifugo akachinja kuku wote aliowakuta. Kuku hao, Mheshimiwa, walikuwa utafiti. Dkt. Osundwa amekuwa akiwalisha molasi kwa miaka mitatu ili ajue kama kuku wa molasi hunenepa upesi. Siku ya Ijumaa alikula utafiti wake hadi mfupa, akasifu, akaomba aongezewe mchuzi, na akauliza kuku watamu namna hii wametolewa wapi. Alipoambiwa, alilamba vidole, akasema angalau sasa ana matokeo.

4. Kuhusu mlolongo. Hapa ndipo haki yangu ilipopotelea, kwa hiyo naomba usome taratibu.

Mwaka jana taifa zima lilifundishwa kura ya mlolongo, kwamba mpiga kura asimame nyuma ya mgombea wake mchana kweupe, aonekane na wote. Bw. Kibiwott akaamua nasi tufanye hivyo. Wagombea tulikuwa wawili, mimi na Dkt. Zilpah Mideva wa idara ya nafaka. Wapishi waliweka masufuria mezani wakaondoka mbio, maana nao wana miwa ya kupalilia. Maprofesa wakaanza kusukumana. Dkt. Mideva hawezi kuona fujo bila kuitafutia utaratibu, na hiyo ndiyo kasoro yake kubwa. Akashika upawa, akaamuru watu wapange foleni. Mimi, kama Kaimu, nikatangulia na sahani yangu. Wengine wote wakasimama nyuma yangu. Narudia ili iingie kwenye kumbukumbu: nyuma yangu. Foleni ilitoka mlangoni, ikazunguka maabara, ikapotelea ndani ya miwa.

Bw. Kibiwott alipofika na kuona foleni ndefu namna ile, alidhani kura imekwisha anza. Badala ya kuja mbele, ambako angeniona, alienda nyuma, akamuuliza mtu wa mwisho, hii foleni ni ya nani? Yule bwana harufu ya mchuzi ilikuwa imemfikia lakini upawa bado. Akajibu kwa moyo wake wote, "Ni ya Mideva! Ni yeye tu tunataka. Huyu wa kwanza anatuchereweshanga bure."

Msajili akahesabu vichwa, akapanda juu ya kiti, akamtangaza Dkt. Mideva kuwa Mkuu wa Kitivo kwa kura zote. Watu wakashangilia. Wengi wao walidhani ametangaza awamu ya pili.

Sheria inasema "nyuma ya mgombea." Nyuma ya Dkt. Mideva kulikuwa na ukuta na sinia la obusuma, ugali wetu. Nyuma yangu kulikuwa na Kitivo kizima. Nilipomweleza hivyo Bw. Kibiwott, alinijibu kwamba mgombea hashiki sahani, kwamba aliyeshika sahani ni mpiga kura, na kwamba hata mimi amenihesabu. Kwa hiyo katika kumbukumbu za chuo hiki mimi ndiye mtu wa kwanza kumchagua mpinzani wangu. Kisha akaniwekea mkono begani, akaniambia mla ni mla leo. Huo ulikuwa utani, lakini haukunichekesha.

5. Kuhusu firigisi. Bw. Kibiwott ni mtu mwema, ila ametoka upande ambako mambo mazito huamuliwa kwa maziwa, na jambo hili hakuliona ingawa lilitokea mbele ya macho yake. Baada ya matokeo hayo, nilipofika mezani, Dkt. Mideva alizungusha upawa katika sufuria, akatafuta, akapata firigisi, akaiweka kwenye sahani yangu mbele ya Baraza lote.

Huku kwetu firigisi, yaani imondo, hailiwi na yeyote tu. Ni ya mwenye boma. Mke akimnyima mumewe imondo, wazee huitwa. Kuna wanaume waliorudi nyumbani wakakuta mtoto ameila, na hadi leo mtoto huyo, sasa akiwa chifu, hutajwa hivyo. Mtu anaweza kupiga kura kwa hasira, kwa ahadi au kwa usingizi, lakini hakuna aliyewahi kutoa imondo kwa bahati mbaya. Ikiwa foleni nzima ilimchagua yeye, na yeye aliyechaguliwa na wote akanipa mimi imondo, basi kura za wote zimeingia kwenye sahani yangu. Sioni pengo katika hoja hii.

6. Kuhusu miwa. Mkuu mpya amekwisha tangaza kwamba miwa iliyopandwa hadi madirishani itang'olewa, na shamba la mafunzo lirudishiwe mahindi, maharagwe na mtama. Ati wanafunzi wa mwaka wa tatu wanalijua hindi kwa picha. Ati darasa la kwanza lina giza saa nne asubuhi. Mheshimiwa, giza hilo ni maendeleo. Tena naomba tufikirie walinzi, ambao kwa miaka sita hii wamezoea kula kivulini.

Baada ya kueleza hayo, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo.

Kwanza, ufute uchaguzi huo kwa kuwa haukuwa kura bali kula. Ukiona hauwezi kufutwa, basi uutambue kuwa halali na unitangaze mimi, niliyekuwa mbele ya foleni. Yote mawili yananifaa na sioni sababu ya kuyagombanisha.

Na ili fedheha hii isirudi, naomba neno lenyewe liondolewe kwenye nyaraka zote za chuo. Nimelifikiria jambo hili kwa siku mbili bila kula vizuri. Kosa la kura haliwezi kutokea pasipo kura. Tukiiondoa, hatutahitaji Mkuu wa kuchaguliwa, na kila kiti kitashikwa na Kaimu, kuanzia vitivo hadi, ukiridhia, ofisi yako mwenyewe. Neno "kaimu" halina r wala l. Mtu yeyote, kutoka Bukura hadi Lugari, anaweza kulitamka bila kuchekwa. Hata katiba ya chuo itapungua kurasa.

Sitaki ufikiri nataka makuu. Lakini pale Amalemba ninakoishi, jirani zangu huniita Mkuu. Mke wangu Dorothy huniita Mkuu kanisani, hata nikiwa nimechelewa. Jumapili iliyopita mtu wa kwanza kunisalimu aliniita Mwalimu, na nilihisi kama mtu aliyevuliwa koti kwenye baridi. Nina miaka hamsini na minne. Sijui kuwa kitu kingine.

Nisalimie mama nyumbani, na watoto wote. Nisalimie makatibu wako wawili, dereva, na yule askari wa langoni ambaye bado ananipigia saluti. Naomba asiambiwe chochote. Nisalimie pia Baraza la Chuo litakapoketi, kama litapata akidi.

Mimi ambaye bado nakaimu, angalau moyoni,

Dkt. Nehemiah Andati

Tanbihi: Sehemu hii naiandika kwa mkono, baada ya balua kupigwa chapa. Nilisahau kukueleza kwamba aliyenisahihishia ni Dkt. Mideva. Jana jioni nilimperekea nyumbani kwake, maana kwa miaka sita kira kitu kilichotoka ofisini kwangu kimepitia kwake kwanza, na miguu ilienda yenyewe. Aliisoma yote. Alicheka mala mbili, akalekebisha kila mahali, akasema hoja ya imondo ilikuwa dhaifu jinsi nilivyoiweka, akaiandika upya ili iweze kushinda. Nilimuuliza kwa nini alinipa ile imondo, akasema niliniona nimechoka. Samahani, aliniona nimechoka. Mitihani ya mwezi ujao iko kwake, latiba iko kwake, funguo za maabala pia, na mimi sijui hata kabati ni lipi. Tanbihi hii hajaisoma kwa sababu yuko shambani na wanafunzi. Kwa hiyo Mheshimiwa, ukiona balua hii ina nguvu, ujue ni yeye. Ukiona haina, ni mimi.