Ombi la Kupewa Ufagio

Mchungaji wetu mpendwa,

Bwana asifiwe. Mimi ni yule fundi vigae wa kutoka nje, wa kiti cha mbele, upande wa kamera. Jina langu halina haja. Hapa kanisani naitwa "ndugu yetu mgeni", na nimelizoea hata nikiitwa jina langu nyumbani nachelewa kuitika. Nakuandikia kwa unyenyekevu mkubwa kuomba kustaafu kazi yangu ya kuwa Mataifa Yote.

Naelewa kwamba tangu lile bango kubwa la "Kanisa la Mataifa Yote" litundikwe juu ya mlango, mataifa hayana budi kuonekana. Lakini mzigo umenielemea, Mchungaji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Napigwa picha kila ibada. Nikifumba macho kusali, mpiga picha ananigusa bega niyafumbue. Nikitokwa na machozi ndiyo kabisa, anapiga magoti yeye. Majuzi nilipiga chafya. Sasa chafya hiyo iko kwenye tangazo la semina, chini yake pameandikwa "Furaha ya Bwana".

2. Siruhusiwi kuugua. Nilipolala na homa, mzee wa kanisa alinipigia simu, nikafurahi. Kumbe wageni wa makao makuu walikuwa njiani na mstari wa mbele una rangi moja. Aliomba mke wangu aje, na ikiwezekana atanue gauni ajaze viti viwili.

3. Bendera ya kwetu mmeitundika kichwa chini, mwaka wa tatu huu. Nimenyamaza. Mgeni hakosoi.

4. Hili ndilo linaloniuma, nisamehe nikipandisha sauti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Langu liko wapi? Kila Jumamosi watu wanafagia kanisa, wanapanga viti, wanagombana, wanacheka. Mimi nikishika ufagio napokonywa kwa tabasamu, naletewa soda. Soda, jamani! Hata mlipoweka vigae madhabahuni niliketishwa na soda yangu, nikimtazama fundi wa kukodi akivipanga vimepinda kama meno ya mtoto. Mimi, fundi vigae! Mnanipenda mpaka hamna kazi nami. Nimechoka kuchekewa, nataka mtu aninunie.

5. Kwa kuwa kiti changu hakiwezi kubaki wazi, napendekeza mnunue sanamu ya duka la nguo. Suti nitatoa mimi. Haiugui, haipigi chafya, wala haitawaomba ufagio.

Mkikataa, naomba barua ya kuhamia lile kanisa dogo karibu na stendi. Hawana bango, na paa lao linavuja, kwa hiyo hawana jeuri ya kumkalisha fundi.

Nisalimie wazee wote, kwaya, mpiga picha, na bendera zetu, hasa ile inayosimama kwa kichwa.

Wako katika Kristo na katika picha,
Mataifa Yote

Baada ya kusaini: Mchungaji, usiisome barua hii, na kama umeshaisoma, isahau. Leo Jumamosi nimekuja kuileta ofisini kwako. Mama Funguo, mtunza kanisa wetu asiye na simile na mtu, amenikuta mlangoni akanigombeza mbele ya kadamnasi: nimesimama kama nguzo wenzangu wanadeki, na tena nimekanyaga palipodekiwa, adabu sina. Akanitupia tambara. Soda sijaiona. Nimedeki mpaka magoti yanauma, na nilipomwonyesha ile bendera akaniuliza miaka yote hiyo mdomo nilikuwa nimemwazima nani. Tumeigeuza. Ngazi ameshika yeye, huku analalamika kwamba mimi mzito.

Jumamosi ijayo nakuja na mwiko wangu, vile vigae niving'oe. Barua naiacha mezani pako kwa sababu ya ndoo ya kudekia tu. Inunuliwe nyingine, hii inavuja, ni aibu kwa kanisa letu.