Chupa Tatu za Haambiliki

Nyange alikuwa amekaa barazani kwa muuza duka mmoja pale Chake Chake, hana kazi na wala hana nia ya kuitafuta, alipomwona bibi wa Kizungu akiteremka garini na mbwa aliyechanwa manyoya kama anakwenda kuolewa.

Miaka ile siasa ndiyo kwanza inaanza, majirani hawajafika kususiana maduka na mazishi, na mtu kama Nyange alikuwa bado anaweza kuishi kwa ulimi wake peke yake. Alishawahi kuuza dawa ya kukinga nazi zisimwangukie mtu kichwani. Katika kumtendea haki, hakuna mteja wake hata mmoja aliyeangukiwa.

Bibi yule alitaka sabuni ya mbwa. Mwenye duka akampangia mezani kila alichokuwa nacho: sabuni ya kufulia, sabuni ya uso, na moja nyeusi inayonuka kama hospitali. Bibi akazinusa, akazikwaruza kwa ukucha, akatikisa kichwa.

"Hii kali. Mbwa yangu ngozi yake mbaya. Hapana taka kali."

Nje ya duka alisimama Safari, msasi wa Gombani, mtu mpole wa maneno machache. Yeye na mbwa wake ndio waliowakinga watu na nguruwe wa msituni waliokuwa wakifukua mihogo. Siku hiyo alikuja na mbwa wake mwekundu aliyeitwa Haambiliki, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kusikia neno la mtu. Mgongo wake ulikuwa na mabaka kama mkeka uliolika.

"Ati mbwa naye huchaguliwa sabuni?" Safari aliuliza.

Bibi alipotoka alimtazama Haambiliki, akaweka mkono kifuani, akasema maneno mengi ya Kiingereza kwa sauti ya huzuni. Kisha akapanda gari, akaenda zake.

"Kasemaje?" Safari alimuuliza Nyange.

Kiingereza cha Nyange kilikuwa maneno matatu, na hata moja halikuwamo katika yale yaliyosemwa. Lakini hakuwa mtu wa kuliacha swali la mwenziwe likae bila jawabu.

"Kasema mbwa huyu ana asili," alijibu, huku akijisikiliza apate kujua atasema nini. "Akitengenezwa manyoya na ngozi, yupo Bwana mkubwa Unguja atamtaka ampeleke Ulaya. Tatizo ni matunzo, yakhe. Mbwa wa namna hino hapakwi kitu chochote tu."

"Hupakwa nini?"

"Hapo ndipo penye elimu," alisema Nyange, na moyoni akaanza kutafuta chupa.

Alipata chupa tatu. Zote alizitia mafuta ya nazi, maana ndiyo yaliyokuwamo jikoni mwa mkewe, Bi Mwanawema. Ya kwanza akaitia binzari ikawa ya manjano. Ya pili akaitia karafuu ikanukia. Ya tatu akaitia tone la mafuta ya taa, kwa sababu mtu haiamini dawa isiyonuka vibaya. Kisha akapanda baiskeli yake yenye taa, mali pekee aliyowahi kuipata kwa halali, kwani aliachiwa na marehemu baba yake, akaenda Gombani kufungua hospitali ubavuni mwa nyumba ya Safari.

Wasasi walikuja na mbwa wao. Nyange hakumgusa hata mmoja. Mbwa akikulowesha mate, dini inataka josho mara saba, moja yake kwa udongo, na Nyange alikuwa mvivu hata wa josho la kawaida. Aliwaonyesha kwa ncha ya kifimbo, kama mwalimu anayeonyesha ramani.

"Wako akijikuna, hujikuna kwa mguu wa kulia au wa kushoto?"

"Yote," akajibu Safari.

"Lo! Basi ana ngozi mchanganyiko. Huyo anataka chupa zote tatu."

Jioni alirudi Chake na kuku wawili, mkungu wa ndizi na pweza mkavu aliyening'inia kwenye usukani. Watu walianza kumwita Daktari, maana mwenyewe ndivyo alivyowaambia wamwite. Aliingiwa na fahari hasa. Alianza kutembea na miwani isiyo na vioo.

Basi ndipo Bi Mwatima akaja.

Bi Mwatima alikuwa dada yake Safari, mama mnene mwenye meza ya bajia karibu na soko, na sauti tamu iliyomfanya mtu ale sita akiwa na njaa ya mbili. Nyange alipita kula zake, akamsikia akisema huku anageuza bajia:

"Daktari, umesikia? Yule Bwana wa mbwa keshafika."

Nyange alitabasamu kwa huruma. Bwana huyo alikuwa amemzaa mwenyewe, kwa kinywa chake.

"Bwana gani tena, bibi wee?"

"Si huyo wa Unguja! Kafikia Wete, mtaa wa Jadida. Ijumaa atachagua mbwa mmoja tu. Anataka mwekundu, mwenye sikio moja jeupe. Kaja na tundu la chuma, lina kufuli la shaba. Muulize Hamad mpagazi, ndiye aliyelishusha."

Nyange alikwenda kumuuliza Hamad ili acheke vizuri. Hamad hakucheka. Alimwonyesha bega lilivyochubuka. "Zito lile! Na kufuli lake, wallahi, unajiona uso."

Ikawa kazi. Nyange alirudi nyumbani akijikumbusha kwamba hakuna Bwana, hakuna Ulaya, na yote ameyabuni mwenyewe juu ya baraza ya dukani. Lakini alikuwa fundi wa uongo, na fundi huijua kazi ya mkono wake. Katika uongo wake yeye hakutia tundu. Hakutia kufuli. Na kama kufuli hakulitia yeye, basi nani alilitia kama si ukweli? Kabla ya kulala alikuwa ameshaamini kwamba kwa bahati njema alidanganya jambo la kweli. Aliona hata ni karama.

Na mbwa mwekundu mwenye sikio moja jeupe alikuwa mmoja tu, Haambiliki.

Alimkuta Safari uani kwake anamkuna mbwa shingo. Mabaka yalikuwa yamefunga, na manyoya yaling'aa kama kahawa iliyokaangwa.

"Nimekuja kwa wema," Nyange alianza. "Sikio jeupe ni mkosi. Mimi ni daktari, nitamchukua nikae na mkosi wake."

"Nimemlea tangu hajafumbua macho," Safari alisema taratibu.

"Nitakupa kitu."

"Kitu gani kitakachonibwekea mihogoni?"

Waliongea mpaka adhana ya alasiri. Nyange alitaja kuku, Safari akatazama chini. Akataja miwani, Safari akapenga kamasi. Mwishowe, macho yake mwenyewe yakiwa yamefumba, akataja baiskeli. Machozi yakamlengalenga Safari, akasema, "Basi ichukue kamba, kabla sijajuta." Nyange aliondoka kwa miguu, akivutwa na Haambiliki mahali asipotaka kwenda, na moyoni akimhurumia yule maskini kwa ujinga wake.

Bi Mwanawema alimpokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Nini hicho?"

"Utajiri."

"Utajiri unamkojolea jirani ukuta. Chagua, yeye ndani au mimi."

Nyange alihamia bandani pamoja na kuni. Siku zilizofuata alikuwa anaoga udongo kuliko mfinyanzi, kwa sababu mbwa alimpenda na alionyesha mapenzi kwa ulimi. Ikabidi amtengeneze vizuri kwa ajili ya Ijumaa, na kwa mara ya kwanza akalazimika kufikiri mbwa apakwe nini kwa kweli. Zile chupa zake alizionea haya. Akaenda dukani.

"Nataka sabuni ya mbwa."

"Ngozi yake kavu au ya mafuta?" mwenye duka aliuliza.

Daktari wa Gombani nzima alitazama sabuni moja moja, akanusa, akakwaruza kwa ukucha kama alivyomwona bibi yule, na hakujua alichokuwa anakinusia. Mwisho akachukua ya uso, aliyokuwa akitumia mkewe, akijua kwamba ngozi ya Bi Mwanawema haina kasoro.

Ijumaa alfajiri akashika njia ya Wete kwa miguu, na Haambiliki ananukia mawaridi. Watoto waliwafuata wakicheka. Baada ya sala walifika Jadida, na hapo moyo wake ukaruka, kwani kweli palikuwa na watu wamejaa, na mbwa tele.

"Bwana yuko wapi?" aliuliza, akihema.

"Bwana ni weye," alijibu mzee mmoja, akimsogezea mbwa aliyebaki ngozi na mifupa. "Si Daktari Nyange wa Chake? Bi Mwatima katuletea habari, Mungu amlipe, kwamba leo unakuja kutibu bure. Na ati huna kinyaa, unapaka kwa mikono yako."

Nyange alitazama nyuma. Njia ilikuwa ndefu na baiskeli hana. Alitazama mbele. Wasasi wale walikuwa na mikuki ya nguruwe. Mtu mmoja alikuwa ameshaleta ndoo ya mafuta ya nazi.

Alipaka mpaka jua likachwa. Walimlamba, walimpigia chafya, mmoja alimlalia miguuni asiondoke. Na alipomaliza, kamba ya Haambiliki ilikuwa mtini, imetafunwa. Mbwa alikuwa ameshakwenda Gombani kwa mwenyewe.

Kesho yake Nyange alisimama mbele ya meza ya bajia, viatu mkononi.

"Mlijuaje?" aliuliza.

"Kaka alimpaka mbwa kila upande chupa yake," Bi Mwatima alisema, akichota bajia kwa utulivu. "Upande wa manjano ukapona, wa karafuu ukapona, na wa mafuta ya taa ukapona. Akaniambia, 'Dada, tumelishwa nazi mara tatu.' Hamad tulimpa bajia, lakini bega alichubuka kweli, kwa gunia la mbata."

Nyange alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira kila mahali, akakuta kicheko tu, na kikamtoka kwa nguvu hata wanunuzi wakageuka. Alikuwa amefanya kazi ile miaka yote na hajawahi kuona iliyofanywa safi namna ile. Akavuta kigoda, akainama, akateremsha sauti.

"Bi Mwatima. Mie na weye tukishirikiana, mpaka Unguja watatukoma. Unasemaje?"

Bi Mwatima alimfungia bajia mbili kwenye gazeti, akamkabidhi kwa heshima zote.

"Haiwezekani, mwanangu," alisema. "Mie sishirikiani na watu wanaodanganyika."