Ombi la Kumpunguzia Mkuu Wetu Oksijeni

Kwa Daktari wa Chumba cha Oksijeni,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Mimi ni karani wa masjala, bado niko kwenye miezi ya majaribio, ndiyo maana sitaji jina. Kwa heshima kubwa nalalamikia afya ya Mkuu wetu, ambaye mmekuwa mkimlaza kwenye lile tangi la kioo avute oksijeni kwa ajili ya mishipa ya miguu iliyoziba.

1. Zamani Mkuu akipanda ngazi miguu ilimbana, akasimama kwenye kona akijifanya anasoma tangazo la kuzuia moto. Tangazo lile ndilo lililotulinda. Akilimaliza, sisi tumeshameza chai, tumemwamsha mama mpiga chapa, na kila mtu ana faili mkononi. Siku hizi anafika kabla ya nyayo zake.

2. Jumatatu alitukuta kama tulivyo. Hakugomba. Alisema tu, "Wanangu, kumbe miaka yote hii nilikuwa napanda kuja kuwaamsha?" Tangu hapo silali hata nyumbani.

3. Mafaili anayapeleka mwenyewe. Tarishi anamfuata nyuma akimsihi amwachie walau bahasha.

4. Hili ndilo zito. Zamani alisaini chochote ilimradi asogezewe kiti. Sasa anasoma. Barua ya kunithibitisha kazini, niliyoiandaa mwenyewe kwa sifa za kutosha, imerudi na maswali.

Hatumtakii mabaya. Mpunguzieni kidogo tu, mguu wa kushoto, abaki mzima ila asimame kwenye tangazo. Ikishindikana, tulazeni ofisi nzima kwenye tangi, tukimbizane naye kwa haki.

Wasalimie wauguzi, mlinzi wa getini, na hasa fundi wa mitungi. Namwomba afunge koki mapema.

Wako kwa utii na woga mwingi,
Karani wa Masjala

Baada ya sahihi: Mkuu ameisoma barua hii nyuma ya bega langu, sikumsikia akipanda. Nilingoja kufukuzwa. Badala yake akaniuliza kuhusu mama yangu, aliyeniletea mwavuli wiki iliyopita, ambaye Mkuu alimwona amesimama muda mrefu kwenye kona ya ngazi akisoma tangazo. Daktari, mama yangu hajui kusoma. Tafadhali futa yote niliyoomba, mpimeni mama miguu. Mkuu anasema atamleta mwenyewe, polepole. Na koki iachwe wazi.